Muhuri Bila Mate

Port-Gentil, 4 Machi 2018

Kwa Bwana Judicaël Mondjo,
Kijijini kwa mganga Massandé, njia ya Mimongo

Yahusu: kupatikana kwako ukiwa hai, na agizo la kurudi nyumbani

Mpwa wangu,

Salamu nyingi zenye heshima zikufikie hapo ulipo. Sisi huku hatujambo. Mama yako, dada yangu Eugénie, goti lake limepungua uvimbe, na samaki wake wa moshi wanatoka vizuri sokoni. Mimi bado ninaketi mezani pangu nje ya ofisi ya kazi, nikiwaandikia maombi walioachishwa kazi kwenye visima vya mafuta. Shule niliiacha mapema, kama ujuavyo, na lugha nimejifundisha mwenyewe. Hata hivyo hajatokea karani aliyenirudishia karatasi kwa kosa la maneno.

Baada ya salamu hizo, ninayo heshima kukiri kupokea ujumbe wako wa mdomo, ulioletwa na mchuuzi wa Lambaréné, kwamba wewe ni mzima. Ulipotoweka hospitalini Libreville bila kuaga, tulikutafuta kwa rafiki zako, kisha katika kambi ya maombi ulikofunga mwaka juzi, kisha, Mungu atusamehe, kwenye majokofu ya maiti. Basi mchuuzi yule aliposema, "Nimemwona, anatwanga mihogo, amekonda lakini anacheka," mama yako aliketi chini katikati ya soko, juu ya sinia la samaki wa mtu mwingine. Mwenye sinia akapiga kelele, "Eugénie, umenikalia mtaji!" Naye mama yako akajibu, "Nitawanunua wote, niache kwanza nicheke."

Furaha yetu ni kamili, isipokuwa kwa jambo moja. Mchuuzi ameongeza kwamba unangoja kula iboga, ule mzizi mchungu wa msituni, ili ukuondolee kiu ya kobolo na vidonge vingine vya maumivu vinavyouzwa vichochoroni. Naomba kueleza bila kuficha kwamba ninapinga. Najua hospitali ilikusafisha, ukavirudia kabla alama ya sindano haijafutika. Najua maombi yalikushika kwa mwezi mmoja tu. Mimi ndiye niliyeandika barua zote mbili za kukuombea nafasi. Lakini njia mbili kushindwa si hoja ya kutosha ya kuishika ya tatu. Rudi. Nimekwisha kuandaa ombi jipya kwa daktari mkuu, na limenyooka kuliko lile la kwanza.

Sababu za upinzani wangu ni nyingi, na nafasi ya karatasi hii haitoshi kuzieleza.

Tafadhali pokea, mpwa wangu, uthibitisho wa mapenzi yangu yasiyopungua,

Anaclet Moussounda,
Mjomba wako na Mwandishi wa Maombi

*

Kwa Massandé, 30 Machi 2018

Mjomba Anaclet,

Ulinifundisha kwamba salamu ni mlango, na asiyebisha hodi ni mwizi hata akileta zawadi. Basi, hodi. Mimi sijambo. Mvua huku ni nyingi, njia imekatika mara mbili, ndiyo maana barua yako imefika imelowa pembeni. Mpe mama pole ya goti, na umwambie nimeona haya kwa ajili ya lile sinia, ingawa nilipolisoma nilicheka hadi watu wakaja kuuliza kulikoni.

Agizo lako nimelisoma mara kadhaa. Naomba unisikilize kabla hujalikazia.

Unakumbuka kwamba sikuvitafuta vidonge mimi. Bomba la chuma liliniangukia begani pale karakana ya kuchomelea, nikapewa viwili vya kupunguza maumivu. Bega lilipotulia, kiu ikabaki. Nilipofika hapa, nilitarajia kupewa mti, ndivyo waitavyo iboga hapa, siku hiyohiyo, kama mtu anavyopewa sahani. Mganga Massandé aliniangalia tu, akauliza:

"Una vidonge mfukoni?"

"Sina, baba."

"Na mwilini?"

Hakungoja jibu. Akasema, "Mti na vidonge havilali kitanda kimoja. Vikikutana ndani ya mtu, anayetolewa nje ni mtu. Nenda ukatwange mihogo."

Basi nimetwanga. Majuma ya mwanzo nilitetemeka na kutapika, mama mmoja wa Bwiti, ibada yao ya huo mti, akinikanda kwa majani na kunitukana kwa upole. "Simama, mzoga mzuri wewe!" ndivyo anavyoniamkia. Sasa ninalala, ninakula, nimeshona hata paa la banda la ibada. Lakini kiu haijaondoka, mjomba. Imekaa nje ya ua, inaningoja nitoke.

Nilipomwomba mganga anipe mti, aliniuliza kichwa changu ni cha nani. Nikasema ni cha mama. "Mama ana tumbo," akasema. "Kichwa ni cha mjomba. Aje hapa, ajaze maji mdomoni, akupulizie utosini, aseme kwa sauti yake kwamba amekuachia njia. Bila hivyo sikupi hata ganda la kulamba."

Ndiyo maana ninakuandikia. Bila wewe hapana mti, na bila mti sina kingine nilichobakiwa nacho. Tafadhali njoo.

Mpwa wako mtiifu,
Judicaël

*

Port-Gentil, 24 Aprili 2018

Yahusu: ruhusa yako, na vielelezo vilivyoambatishwa

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta katika afya iliyo bora kuliko ya njia zenu. Huku tumejaaliwa matunda mengi ya atanga mwaka huu; mama yako anayalainisha kwa maji ya moto na kunilisha kila jioni, nami sina ujasiri wa kumwambia nimekinai. Goti limerudi kuvimba kidogo.

Barua yako nilimsomea kama desturi, akiwa anapanga samaki juu ya wavu wa moshi. Nilisoma kwa utulivu na kwa matamshi yaliyo sahihi. Nilipomaliza, alisimama akiwa na samaki mkononi.

"Kaka."

"Naam, dada."

"Mdomo umesoma mstari mmoja, macho yameshuka minne. Hiyo mingine umemsomea nani?"

Nilimjibu kwamba mistari hiyo ilikuwa na maneno ya kitaalamu. Akasema, "Mwanangu mchomea vyuma, utaalamu wa kuniandikia mimi kauokota wapi? Rudia." Ikanibidi nirudie, na hivyo akayajua masharti ya mganga. Kuanzia siku hiyo hapajawa na amani katika nyumba hii.

Kwa kuzingatia shinikizo hilo, na baada ya kutafakari kwa kina, ninaondoa upinzani wangu. Kwa kuwa magoti yangu hayaruhusu safari ya boti na barabara, na kwa kuwa wateja wangu hawana mwingine wa kumtegemea, ninaambatisha Hati ya Ruhusa katika nakala tatu: yako, ya mganga, na ya kumbukumbu. Utaona imeandikwa: "Mimi, niliyetia saini hapa chini, mjomba halali wa upande wa mama, namwachia mpwa wangu njia, bila kinyongo na bila sharti." Stempu ya serikali imebandikwa, na muhuri wangu umepigwa juu yake. Haipo ofisi katika nchi hii ambayo ingeikataa.

Zaidi ya hayo sina la kuongeza.

Pokea, mpwa wangu, hisia zangu zilizo njema kabisa,

Anaclet Moussounda

*

Kwa Massandé, 20 Mei 2018

Mjomba,

Hodi tena. Mimi ni mzima wa kutembea. Mihogo imekomaa, na mama yule wa Bwiti amepata mjukuu wa kike, kwa hiyo ametupumzisha matusi kwa siku chache. Mwambie mama yangu ale atanga na yeye. Nilisikia sauti yake katika barua yako kama nimesimama jikoni.

Hati yako imefika. Mganga hasomi, hivyo nilimsomea mbele ya watu wote bandani. Walisikiliza kwa heshima kubwa. Pale palipoandikwa "mjomba halali" wazee waliitikia kwa makofi. Kisha mganga aliichukua, akaigeuza, akainusa, akaishika kwenye mwanga wa jua.

"Hii ndiyo stempu?"

"Ndiyo, baba."

"Na hili duara?"

"Muhuri."

"Ni karatasi nzuri sana. Ina muhuri. Haina mate." Akaniwekea ile karatasi utosini, akangoja, akauliza, "Umelowa?"

Mjomba, watu walianguka kwa kicheko. Nami nilicheka, kisha nikatoka nje, kwa sababu nilitambua kwamba ningali pale pale. Hati yako imebandikwa ukutani mwa banda, juu ya ngoma, na wageni wote wanaonyeshwa.

Sasa yapo mambo mawili. La kwanza: lori la magogo lilikwama kwenye matope mbele ya kijiji, na dereva wake alikuwa na vidonge. Yaliyopita kati yangu na dereva yule sitayaandika. Nitaandika tu kwamba mganga ameanza upya kungoja kwangu tangu mwanzo, na kwamba hakunipiga wala kunifukuza. Mjomba, mlango huu siwezi kuuzuia peke yangu daima.

La pili: nilipomtajia mganga jina lako kamili, alinitaka nilirudie. Kisha akasema, "Akina Moussounda walikuja wawili, kwa baba yangu, nilipokuwa kijana. Alirudi mmoja." Nikamwuliza maana yake. Akasema, "Hilo ni la mwenye mdomo." Kwake sikuuliza tena. Ninakuuliza wewe.

Judicaël

*

Port-Gentil, 15 Juni 2018

Yahusu: swali lako

Mpwa wangu,

Salamu. Hatujambo. Kiangazi kimeanza, upepo ni wa baridi, na mama yako amejifunga khanga mbili.

Barua yako sikumsomea. Niliitia katika mfuko wa koti nikaenda nayo kazini, nikarudi nayo, na siku iliyofuata vilevile. Nilipomwandikia mlinzi mmoja ombi la malimbikizo ya mshahara wake, nilisahau kuweka tarehe. Jambo hilo halijawahi kunitokea. Jioni mama yako alininyooshea mkono.

"Ilete."

"Hujui kusoma, dada."

"Sitaki kuisoma. Nataka kukuangalia ukiitoa."

Nikaitoa. Aliniangalia usoni, akasema neno moja: "Hilarion."

Nilikuwa nikiamini kwamba hakujua, kwa kuwa alikuwa angali mtoto. Kumbe alijua tangu siku ile, na miaka yote amekuwa akiingoja sauti yangu.

Basi nakueleza. Hilarion alikuwa kaka yetu mkubwa. Pombe ya miwa ilikuwa imemshika kama vidonge vilivyokushika wewe. Alikwenda kwa baba wa mganga Massandé kula mti, na ukoo ukanituma nimsindikize na kuketi kando yake. Alikuwa na kifua dhaifu tangu utotoni. Akipanda kilima alisimama njiani kutafuta pumzi. Hakuna aliyeuliza habari ya kifua, wala sisi hatukuitaja, maana tuliona haya kumleta mtu mwenye kasoro mbili. Kulipopambazuka, mkono niliokuwa nimeushika ulikuwa baridi. Nyumbani ikasemwa kwamba ni homa. Mimi ndiye niliyelitunga neno hilo, na nimelitunza.

Kwa hiyo si magoti. Magoti yangu ni mazima.

Naomba kuwasilisha yafuatayo. Nenda hospitali ya Mouila, wakupime moyo kwa mashine, wakupime na damu. Mweleze daktari ukweli wote, pamoja na yale ya dereva wa lori. Moyo ukionekana na kasoro yoyote, iwe ndogo namna gani, mti usahau, uje nyumbani, tutatafuta njia nyingine na nyingine tena, nami nitaandika mpaka wino uishe. Ukionekana mzima, niarifu, nami nitakuja.

Mama yako anasimama nyuma ya kiti changu, na haya aliyoniambia mimi anataka niyaandike: "Ukingoja karatasi, utamzika kwa karatasi." Nimeandika kama alivyosema, ingawa si mtindo wangu.

Anaclet

*

Mouila, 2 Julai 2018

Mjomba wangu,

Hodi, na hodi hii ni ya furaha. Ninakuandikia kwenye benchi la nje ya hospitali, nikila muhogo wa kufungwa kwenye majani na samaki wa kuchoma, na sijambo kuliko siku zote.

Barua yako nilimpelekea mganga kwanza. Nilidhani atakasirika kusikia habari ya mashine. Alisikiliza habari za Hilarion hadi mwisho, akafuta macho bila kujificha. "Baba yangu hakupata kumpa mtu mti tena baada yake," akasema. "Mimi nilipoanza, niliweka sikio kifuani kwa kila anayekuja. Sikio langu limezeeka. Nenda kwa hiyo mashine yao, isikilize na yenyewe. Mzigo ubebwe na watu wawili."

Daktari ni mwanamke, mkali. Alinibandika nyaya kifuani akauliza nani amenituma.

"Mganga wangu na mjomba wangu."

"Wote wawili? Wanaongea?"

"Bado, mama. Wanaandikiana kupitia kwangu."

Moyo ni mzima, mjomba. Damu nayo ni safi. Daktari alinieleza wazi kwamba hakubaliani na safari yangu, kwamba mti huo umeua watu ambao mioyo yao ilionekana haina kitu, na kwamba angependa nibaki kwake. Nikamwambia nimekwisha kubaki kwa wenzake. Akasema, "Basi asikosekane mtu asiyelala, aketi nawe akishika mshipa wa mkono. Ukilegea, wakulete hapa mbio." Nikasema mtu huyo ninaye.

Ninaye, sivyo?

Tunakungoja. Mganga amesema hatanipa kitu mpaka uonekane njiani.

Judicaël

*

Port-Gentil, 19 Julai 2018

Mpwa wangu,

Hadi leo sijapokea jibu lako. Boti ya barua imeharibika injini, au wewe ni mgonjwa, au wamekwisha kukupa mti bila mimi, na mimi ninaandika kwa mtu asiyekuwapo. Mambo haya matatu nimeyapanga kwa kila namna, na kila namna imeishia pale pale.

Mama yako ameniwekea nguo katika mkoba bila kuniuliza. Mlangoni alisema, "Kaka, kama yu mzima, mpulizie. Kama si mzima, mlete."

Barua hii naibeba mwenyewe. Nikikukuta, nitakukabidhi mkononi.

Anaclet

*

Kwa Massandé, 26 Agosti 2018

Mjomba,

Hodi. Natumaini boti ilikurudisha salama na kwamba mama amekusamehe kwa kuchelewa. Huku ni majani makavu na moshi wa mashamba. Mjukuu wa mama wa Bwiti hana meno bado, lakini kila mtu ameng'atwa kwa ufizi.

Barua uliyonikabidhi mkononi ninayo. Watu wengine hupewa baba wa kulilia begani. Mimi nilipewa bahasha na mjomba mwenye matope hadi kiunoni, akisema, "Naomba kuwasilisha," kisha akashindwa kuendelea. Sitaisahau bahasha hiyo.

Nataka kukuandikia jambo moja unalolijua, kwa sababu hukuliona kutoka mahali nilipokuwa nimeketi. Jioni ile nilipokuwa nimepakwa udongo mweupe, nimekaa chini mbele ya banda, ulisimama juu yangu ukiwa na kibuyu cha maji. Niliona kurasa mbili zikichungulia mfukoni mwako. Nikasema moyoni, leo tutakaa. Ukatia maji mdomoni. Ukayameza. Ukatia tena, ukayameza tena. Nilihisi vidole vyako vikinishika begani, lile bega bovu. Mama wa Bwiti akasema kwa sauti, "Huyu mjomba alikuja kunywa au kubariki?" Watu wakacheka, nawe ukacheka, na kicheko ndicho kilichokutoa maji: yalinimwagikia yote, kichwani, puani, hadi mgongoni. Halafu ukasema maneno mawili tu.

"Aende. Arudi."

Mganga akaitikia, "Huo ndio muhuri."

Nilichokiona baada ya hapo ni changu. Nitasema tu kwamba kilikuwa kirefu, na hakikunipendelea. Lakini muda wote kulikuwa na kitu kidogo kinachonibana kifundo cha mkono wa kushoto, na kila nilipotaka kwenda mbali zaidi, kilinibana. Nilipoamka nikakuta ni vidole vyako, juu ya mshipa. Barua yangu ya Mouila hukuwa umeipata, mjomba. Hakuna aliyekuwa amekuambia ushike hapo.

Kiu iko wapi? Mganga amenikataza kusema imekufa. "Mti umekufungulia njia," anasema, "miguu ni yako." Nami ninaona hivyo. Nikiamka asubuhi ninaangalia nje ya ua, na pale ilipokuwa ikiningoja hapana mtu. Inaweza kurudi. Nikiisikia nitasema, sitaificha tena kama nilivyoificha hospitalini na kule kwenye maombi. Bega lingali linauma, na hilo ndilo linalonitia hofu, kwa sababu kila kitu kilianzia hapo. Nakuomba uniandikie lile ombi ulilokuwa umeliandaa, ila usiombe kitanda. Omba daktari wa mifupa ajuaye kutuliza bega bila vidonge vya aina ile.

Kaburi la Hilarion hapa kijijini, tulilolipalilia pamoja ulipokuja, limebaki safi. Nimelizungushia mawe.

Ninakuja nyumbani baada ya mavuno ya karanga.

Judicaël

*

Port-Gentil, 20 Septemba 2018

Mpwa wangu Judicaël,

Salamu kutoka kwangu na kwa mama yako, ambaye goti lake limepona kabisa tangu nilipomwambia uliomba ndizi. Anasema ni dawa ya kukanda. Mimi siamini, na sijabishana.

Kwanza, barua yako ya Mouila. Niliporudi niliikuta juu ya kabati, imefungwa, imeegemezwa kwenye kopo la chumvi.

"Ilifika ulipoondoka," akasema mama yako.

"Na hukutafuta mtu wa kukusomea? Ungejua kwamba moyo wake ni mzima!"

"Nilijua."

"Ulijuaje, dada?"

"Mwenye habari mbaya haandiki anwani kwa herufi kubwa namna hiyo."

Nimeisoma baada ya kukuona, na niliikimbilia mistari ya mwisho kana kwamba sikuwa nimekuona.

Umenisimulia nisichokiona; nami nitakusimulia usichokiona. Mambo ya bandani si ya kuandikwa, na sitayaandika. Lakini kulipokucha hukuamka. Jua lilipanda, likaingia kupitia paa ulilolishona, likakufika usoni, na wewe umelala tu. Nilikuwa nimeushika mkono wako tangu jana yake, na ni saa ileile ambayo mkono wa Hilarion ulikuwa umepoa. Mganga alikuwa ameketi kando yetu akimenya karanga.

"Mshipa?" akauliza.

"Unapiga."

"Sawasawa?"

"Sawasawa."

"Basi kula karanga."

Nilikula. Akauliza tena, nikajibu vilevile, akanipa nyingine. Tulikwenda hivyo hadi maganda yakawa kichuguu. Nimekwisha kuandika maombi kwa mawaziri, lakini sijapata kuwa na mazungumzo yaliyo mazuri kuliko hayo. Kisha ulifumbua jicho moja ukasema, "Kuna ndizi?" Mganga alitoka nje kuwaambia watu. Mimi sikuweza kusimama. Safari hii ilikuwa magoti kwelikweli.

Zile kurasa mbili, mama yako alizikuta alipokuwa anafua koti langu. Zilikuwa hotuba. Akanitaka nimsomee. Alivumilia hadi nilipofika "kwa kuzingatia yote yaliyotangulia," akanyanyua mkono. "Inatosha. Mtoto angeota mvi kabla hujampulizia." Kurasa hizo sasa zinafungia samaki.

Ombi la bega nimelipeleka kwa mkono wangu mwenyewe. Karani alitaka niliache dirishani. Nikaomba nionane na daktari, nikamweleza kwa mdomo. Atakuona. Amesema nilieleza vizuri. Nikamwambia nimeanza karibuni.

Barua yako nimemsomea mama yako yote, bila macho kutangulia mdomo. Pale ulipoandika kwamba unakuja baada ya mavuno ya karanga, alinitaka nirudie. Nikarudia. Jana, akiwa na kichwa cha samaki mkononi, aliuliza, "Pale penye karanga anasemaje?" Nami sikuhitaji tena kuifungua.

Shuka na boti ya Jumamosi, ya Ijumaa hubeba mafuta na hunuka. Mama yako atakuwa amepika mchuzi wa mawese, usile njiani. Mimi nitakuwa gatini, mbele ya watu wote, mikono mitupu.

Mjomba wako